Shamba, Mto Thames au Pwani: Mahali pa Kutafutia Tokeni za Kale kwa Detekta Nchini England

Anayenunua detekta ya metali kwa mara ya kwanza huuliza mashine ipi ni bora, ilhali swali linaloamua atapata nini, na kitakuwa na maana gani kikishapatikana, ni kwamba ataitumia wapi. Kwa anayeishi England kuna maeneo matatu makuu anayoweza kuyatafuta kihalali: mashamba ya wakulima, kingo za Mto Thames zinazobaki wazi maji yakipwa, na fukwe za bahari. Ipo pia njia ya nne, nayo ni kulipa kiingilio na kujiunga na mkusanyiko wa watafutaji katika shamba lililokodiwa kwa siku moja au mbili. Nayalinganisha haya kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili waliohamia huko kwa kazi au masomo na wanaotamani kuijua historia ya nchi hiyo kwa mikono yao, hasa wale wanaovutiwa na tokeni na vitu vidogo vya maisha ya kila siku kuliko ndoto ya chungu cha dhahabu.

Ninaanza na tokeni kwa sababu hakuna kitu kidogo kinachosema mengi kiasi hicho. Mwaka 1644, wakati wa vita kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, upigaji wa robo peni kwa kibali cha mfalme ulisimamishwa, na nchi ikabaki bila chenji. Wenye maduka, wenye vilabu vya pombe, waokaji mikate na wauza mishumaa wakalazimika kujitengenezea vipande vyao vya shaba, na kati ya miaka 1648 na 1672 maelfu ya watu walitoa tokeni za namna hiyo, mpaka Mfalme Charles wa Pili alipotoa nusu peni na robo peni za shaba mwaka 1672 na kupiga marufuku za watu binafsi. Tokeni ya robo peni ina upana wa milimita 16 hivi, lakini juu yake husomeka jina la mwenye duka, mji au mtaa wake, alama ya kazi yake, mara nyingi na mwaka. Na katikati huwa na herufi tatu zilizopangwa pembetatu, ya juu ikiwa ya jina la ukoo na mbili za chini zikiwa za majina ya mume na mke. Sarafu ya mfalme hukuambia nani alitawala. Tokeni hukuambia kwamba katika mtaa fulani, mume na mke fulani waliuza mishumaa na waliaminiwa na majirani zao kiasi cha kipande chao cha shaba kupokelewa kama fedha.

Zipo nyingine za kabla na baada ya hapo. Tokeni za risasi, yaani ile metali laini na nzito, zilizomiminwa katika kalibu za mawe na mafundi wasio na jina, zilitumika tangu Zama za Kati hadi karne ya 19, na nyingi hazina maandishi, ila ua la petali sita, nanga, gurudumu au herufi moja au mbili. Jetoni za Nuremberg hazikuwa fedha hata kidogo, bali vipande vya kufanyia hesabu juu ya meza yenye mistari, na zilisafirishwa hadi England kwa wingi. Kampuni ya mgodi wa Parys katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ilianza mwaka 1787 kutoa peni zake zenye kichwa cha kuhani wa kale, na kampuni nyingine zikafuata mpaka mwaka 1797, Matthew Boulton alipopiga peni kubwa nzito za serikali. Katika mashamba ya hopi, mmea wa kutengenezea bia, ya Kent na Sussex, wachumaji walipewa tokeni kulingana na vipimo walivyojaza, wakalipwa mwisho wa msimu.

Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote

Ninalinganisha maeneo haya kwa sheria, kwa aina ya vitu, na kwa hali ambayo vitu hivyo hutoka nayo ardhini. Hata hivyo kipimo kikubwa kwangu ni habari gani kitu kinabaki nayo baada ya kutolewa, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwetu.

Mwaka 1984, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walikuta zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilitolewa pamoja, kwa utaratibu, katika tabaka lao la udongo, dinari zenye tarehe ziliweza kutumika kuzikadiria zile za fedha zisizo na tarehe, na kwa kuwa dinari ya mwisho ilipigwa mwaka 1066, ikawezekana kusema kwamba watawala wa Kiislamu wa pwani yetu walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe katika karne ya 11. Linganisha na sarafu tano za shaba za Kilwa ambazo mwanajeshi mmoja wa Australia aliziokota mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi, akaziweka koponi kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kuzipeleka makumbusho. Sarafu ni za kweli, na alikumbuka mahali kwa kiasi cha kuweka alama kwenye ramani. Lakini tabaka halikujulikana, wala kama Kilwa na Uholanzi ziliingia ufukweni siku moja au kwa kupishana karne kadhaa, na ndiyo maana wataalamu wanabishana hadi leo kama zilifikishwa na mabaharia wa Afrika Mashariki, Wareno, Waholanzi au Wamakasar. Upungufu huo wa habari chache za siku ya kwanza hauwezi kufidiwa na maabara yoyote.

Mtafutaji anayechagua mahali anachagua pia kiasi cha habari atakachoweza kukiokoa au kukipoteza.

Shamba lililolimwa

Watu hushangaa kwamba tokeni ya mwenye duka wa mjini hupatikana katikati ya shamba la ngano lisilo na nyumba karibu. Sababu kubwa ni samadi. Kwa karne nyingi majivu, taka za majumbani na vinyesi vilisombwa kutoka London na miji mingine kwa mikokoteni na mashua hadi mashamba ya Kent, Essex na kwingineko, vikamwagwa kama mbolea, na ndani yake vikaenda vifungo, mabizimu, subana, risasi za gobori na chenji iliyodondoka sakafuni. Sababu nyingine ni watu wenyewe, kwani mashamba ambayo sasa hulimwa na trekta moja yalijaa vibarua, na mtu anayeinama siku nzima hudondosha vitu. Kisha kulikuwa na magulio, njia za miguu, na miti mikubwa ambayo chini yake watu walipumzika wakala.

Faida ya shamba lililolimwa kwa mtu mwenye dhamiri ni kwamba plau imekwisha kuvuruga udongo wa juu, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo anayetoa kitu ndani ya kina hicho habomoi tabaka lolote la kale. Kinachobaki cha kuokolewa ni mahali penyewe, na mahali panasema mengi. Tokeni moja ya mji wa jirani haisemi kitu, lakini tokeni kadhaa za mji huohuo zikijipanga kando ya ukingo mmoja wa shamba zinaweza kuonyesha njia ya sokoni iliyosahauliwa. Hilo halionekani kwa anayekusanya kwenye mfuko mmoja na kwenda nyumbani. Huonekana kwa anayechukua viwianishi vya kila kipande kwa GPS na kukifunga peke yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Koili, yaani kichwa cha duara cha mashine, ikipita juu ya tokeni ya risasi, sauti huwa ya wastani, mviringo, isiyo na mkwaruzo wa chuma chenye kutu, na hairuki unapobadili upande wa kupitisha. Unakata bonge la udongo kwa koleo, mbali kidogo na kitovu cha sauti ili usikate kitu chenyewe, unaligeuza, kisha kwa kitambuzi kidogo cha mkononi unatafuta ndani ya bonge kwanza, na ndani ya shimo baadaye. Kinachotokea ni kidude cha rangi ya kijivu iliyofifia kuwa nyeupe, kizito kuliko unavyotarajia, ukingo wake haujanyooka, na mahali pamoja kuna kijinundu pale metali ilipoingilia kwenye kalibu. Ua la petali sita huonekana ukikiinamisha kuelekea jua. Usikisugue kwa kidole gumba: rangi ile nyeupe ni ganda la kutu ya risasi, na michoro imo ndani ya ganda hilo, si chini yake. Nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Upungufu wa shamba ni hali ya vitu. Mbolea za kisasa na mapigo ya plau huila shaba, na tokeni nyingi za karne ya 17 hutoka kijani, zimejaa vishimo, jina la mwenye duka limebaki herufi tatu. Malisho ambayo hayajalimwa hutoa vitu vizuri zaidi, na hapo ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa na ninaposhauri mtu ajizuie: chini ya majani ya malisho ya zamani tabaka bado ni zima, na shimo la sentimita 30 linaweza kukata sakafu ya nyumba ambayo hakuna aliyejua ipo. Sauti ikiwa ndefu na ya kina, malisho yaachwe.

Kisheria, shamba linahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na ya mpangaji wake kama yupo, na ruhusa ya maandishi ni bora kuliko ya maneno, kwa sababu hata kitu kisichokuwa hazina mwenye ardhi ndiye mwenye haki nacho kwanza, na ugomvi mwingi hutokana na jambo ambalo lingemalizwa kwa mistari minne ya karatasi. Sehemu zilizoorodheshwa kitaifa kama mabaki ya kale zinalindwa na sheria ya mwaka 1979, na kutumia detekta humo bila idhini ya Historic England, shirika la taifa la mabaki ya kale, ni kosa la jinai hata mwenye shamba akikuruhusu. Orodha na ramani zake ziko wazi kwa umma. Hakuna kisingizio.

Kingo za Thames

Kwa uzuri wa vitu, Thames haina mpinzani. Matope yake mazito hayapitishi hewa, na pasipo oksijeni metali hailiwi na kutu, ngozi haiozi, hata pini za shaba za karne ya 16 hutoka ziking'aa. Beji za mahujaji waliokwenda kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa kule Canterbury, zilizomiminwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi mwembamba sana, zimepatikana hapo zikiwa na nyuso na mikunjo ya nguo iliyosalimika. Tokeni za London zinatoka zikisomeka jina zima na mtaa mzima, na baadhi ya mitaa hiyo iliungua katika moto mkuu wa Septemba 1666.

Na bado, kwa mtu mwenye detekta, Thames ni chaguo la pili. Sababu ya kwanza ni kibali. Hakuna anayeruhusiwa kutafuta, hata kwa macho tu bila kugusa udongo, pasipo kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London. Kibali cha kawaida kinaruhusu kuchimba sentimita 7.5 tu, na baadhi ya sehemu zimefungwa kabisa, Queenhithe ikiwa mojawapo kwa sababu ni eneo lililoorodheshwa. Novemba 2022 mamlaka hiyo ilisimamisha utoaji wa vibali vipya kwa kuwa waombaji walikuwa wengi mno, na baadaye ikaweka orodha ya kusubiri, kwa hiyo mtu anayetaka kuingia aulize kwanza kama orodha iko wazi. Sababu ya pili ni misumari. Kwa karne nyingi meli na mashua ziliundwa na kuvunjwa kando ya mto huo, na ardhi yake imejaa chuma kiasi kwamba mashine hupiga kelele kila hatua.

Wenye uzoefu wa Thames wengi hutumia macho na magoti. Maji yenyewe hupanga vitu kwa uzito na umbo, hivyo misumari, pini, risasi na sarafu hukusanyika katika vijitanda vya rangi ya kutu kati ya mawe, na mtu anayepiga magoti juu ya kitanda kimoja kwa muda mrefu hupata zaidi kuliko anayetembea daraja hadi daraja. Wasomaji waliokulia pwani wana faida hapa, kwa maana wanajua bamvua na maji mafu bila kufundishwa. Katikati ya London tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia mita 7 hivi wakati wa bamvua, kwa hiyo siku hizo ufukwe hufunuka sana, lakini maji hurudi kwa kasi na ngazi za kupandia ni chache. Jua ngazi yako ya kutokea kabla hujainama. Glavu si hiari, kwa sababu ya vioo, sindano na vijidudu vya mkojo wa panya.

Kwa upande wa habari, Thames iko katikati. Vitu vingi vimesogezwa na maji au vilimwagwa na taka za kujazia ukingo, hivyo nukta kamili ya GPS ina maana ndogo kuliko shambani. Lakini kuna hoja yenye nguvu ya kuviokota: mawimbi ya boti yanakula ukingo, na kitu kilichoonekana leo asubuhi huenda jioni kikawa kimesagwa au kimechukuliwa. Aliyekiacha shambani malishoni amekihifadhi, na aliyekiacha ukingoni pa Thames huenda amekipoteza. Kila kitu cha zaidi ya miaka 300 kinapaswa kuonyeshwa kwa afisa wa London wa kuandikisha vitu vilivyopatikana, na hilo ni sharti la kibali.

Pwani ya bahari

Hapa nitapita haraka, kwa sababu pwani ni nzuri kwa kujifunzia mashine kuliko kwa kutafutia historia. Sehemu kubwa ya kinachopatikana ni chenji ya kisasa, pete na vizibo. Karibu nusu ya ufukwe wa kupwa na kujaa wa England na Wales inasimamiwa na Crown Estate, shirika la mali za Taji, ambayo inaruhusu kutafuta kwa kufuata kanuni zake, na sehemu iliyobaki ina wenyewe, wakiwemo halmashauri na mashirika ya hifadhi, ambao lazima waulizwe. Vitu vya kale hutokea baada ya dhoruba, mchanga ukikombwa hadi kwenye udongo mgumu, hasa mahali palipokuwa na bandari iliyokufa. Kitu kinachotokana na chombo kilichozama ni lazima kiripotiwe kwa msajili wa mabaki ya meli ndani ya siku 28. Chumvi nayo ni adui: shaba iliyolala baharini huendelea kuliwa hata ikiwa kabatini, ikitoa unga wa kijani hafifu, na chuma kikikauka bila kutibiwa hupasuka vipande.

Mikusanyiko ya kulipia

Kwa mgeni asiyemfahamu mkulima hata mmoja, mkusanyiko unaonekana kuwa njia rahisi: unalipa, unaoneshwa shamba, na unakaa na watu wanaojua kazi. Ni kweli utajifunza mengi kwa siku moja, na mikusanyiko mizuri huwaalika maafisa wa kuandikisha. Hofu yangu ni pupa inayozaliwa pale watu mia kadhaa wanapolipa kiingilio na kutaka kurudi na kitu.

Matukio mawili yanaeleza tofauti kuliko hoja. Novemba 1992, kule Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea, akakutana na sarafu na vijiko vya fedha. Alitoa vichache, akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia walikuja kesho yake, na kwa hiyo tunajua si tu kwamba zilikuwepo karibu sarafu 15,000 za Kirumi, bali pia kwamba zilikuwa ndani ya sanduku la mbao, vitu vikiwa vimepangwa humo kwa mpangilio. Nyundo pia ilipatikana. Desemba 2014, katika mkusanyiko uliofanyika Lenborough, Buckinghamshire, zilipatikana zaidi ya sarafu 5,000 za Wasaksoni zikiwa zimefungwa kwa bamba la risasi. Afisa alikuwepo, na sheria ilifuatwa, lakini sarafu zilitolewa siku ileile, katika siku fupi ya baridi, umati ukizunguka shimo, na wanaakiolojia wengi walisikitika kwamba haukupatikana muda wa kuzitoa taratibu. Sarafu ni nzuri katika matukio yote mawili. Hoxne tunajua zaidi.

Ukichagua mkusanyiko, uliza kabla ya kulipa: je, afisa wa kuandikisha atakuwepo, na je, mwenye kuandaa ana utaratibu wa kusimamisha kazi mahali ambapo lundo limeonekana? Asiyekuwa na jibu la swali la pili asipewe fedha zako.

Mashine kwa kila eneo

Mashine ya masafa moja ya chini (masafa hapa ni kasi ya mitetemo ya mawimbi inayotuma, si umbali), aina ambayo wengi huanza nayo, inatosha shambani. Yenye masafa ya juu kidogo husikia vizuri vitu vidogo na vyembamba kama robo za peni zilizokatwa kwa mkasi. Kwenye mchanga wenye maji ya chumvi mashine hiyohiyo hutapatapa, kwa sababu chumvi nayo inapitisha umeme na kutoa mwitikio wake, kwa hiyo pwani inataka mashine ya masafa mengi kwa pamoja au ya mapigo. Ya mapigo huenda kina na haijali chumvi, lakini haiwezi kutenganisha vizuri chuma na metali nyingine, na katika ardhi ya misumari itakuchosha bure.

Jambo moja linawahusu watafutaji wa tokeni peke yao. Tokeni za risasi na jetoni nyembamba hutoa namba zilezile za skrini ambazo hutolewa na karatasi za alumini, vishikizo vya makopo na vitako vya maganda ya risasi za kuwindia. Anayepanga mashine yake izikatae takataka hizo amepanga izikatae tokeni pia. Anayezitaka lazima akubali kuchimba vishikizo vingi, na kuvibeba hadi kwenye pipa la taka.

Wajibu baada ya kupata

Katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997, inamlazimu mtafutaji kutoa taarifa ndani ya siku 14 kwa afisa wa mahakama achunguzaye vifo vya ghafla, ambaye ndiye pia asikilizaye mashauri ya hazina. Hazina ni, kwa kifupi, kitu kisicho sarafu cha zaidi ya miaka 300 chenye asilimia 10 au zaidi ya dhahabu au fedha, sarafu mbili au zaidi za namna hiyo zilizokuwa pamoja, au sarafu kumi au zaidi za metali ya kawaida; tangu Julai 2023 vimeongezwa vitu vya metali vya zaidi ya miaka 200 vyenye umuhimu wa kipekee wa kihistoria. Tokeni moja ya shaba au risasi kwa kawaida si hazina, na hakuna anayekulazimisha kuionyesha. Ionyeshe hata hivyo. Mpango wa kitaifa uitwao Portable Antiquities Scheme, ulioanza kwa majaribio mwaka 1997 na kuenea England na Wales nzima mwaka 2003, una maafisa wanaoandikisha vitu bila malipo na kumrudishia mwenyewe, na kumbukumbu zake zaidi ya milioni moja ndizo zinazotumiwa na watafiti kujua tokeni za mji fulani zilisafiri umbali gani.

Kimya kina gharama. Mwaka 2015 watu wawili walitoa hazina ya enzi za Waviking karibu na Leominster, Herefordshire, wakaigawa na kuiuza kwa siri. Mahakama ya Worcester iliwafunga mwaka 2019, na sehemu kubwa ya sarafu zinazokadiriwa kufikia 300 haijaonekana hadi leo. Baadhi ya chache zilizopatikana zina sura za wafalme wawili wakiwa wameketi pamoja, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia, jambo lililowafanya wanahistoria waupime upya uhusiano wao. Zilizobaki zingesema nini, tumenyimwa kujua.

Mipaka ya ulinganisho huu iangaliwe. Scotland vitu vyote vya kale vyenye umuhimu ni mali ya Taji na lazima viripotiwe, Ireland ya Kaskazini kutafuta malikale kunahitaji leseni, na Jamhuri ya Ireland kufanya hivyo bila idhini ni kosa. Kwetu, Sheria ya Malikale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya Kenya ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 zinalinda maeneo ya kale yasichimbwe bila leseni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu misingi mingi ya maboma ya zamani imechimbuliwa na watu waliohadithiwa kuhusu dhahabu za Wajerumani, na hadithi hizo zimekua pia kwa kuwa ni kweli kwamba mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Detekta iliyonunuliwa England isiletwe Kilwa wala Bagamoyo.

Nani achague nini

Mwenye macho makali, subira na nia ya kuona vitu vilivyosalimika vizuri, na anayeishi London, aulizie kibali cha Thames leo na aache detekta nyumbani. Mwenye watoto, au anayetaka kuzoea sauti za mashine, aende pwani wikiendi chache na asitarajie historia. Asiyejua mtu aende mkusanyiko mmoja au miwili iliyosimamiwa vizuri, ajifunze kukata bonge na kufukia shimo. Lakini anayetaka tokeni na anayetaka zimaanishe kitu atafute shamba moja lililolimwa, alirudie mwaka baada ya mwaka, na aliandikishe lote, kwa sababu shamba moja linalojulikana vizuri lina thamani kuliko mashamba mengi yaliyopitiwa.

Ruhusa haipatikani kwa simu. Andika barua ya ukurasa mmoja mwanzoni mwa kiangazi, ueleze wewe ni nani, uko katika chama gani chenye bima, utafukia kila shimo, utamwonyesha mkulima kila kitu na utagawana naye hazina ikitokea, na kwamba utaingia tu baada ya mavuno. Dirisha kati ya kuvuna na kupanda tena, takribani Agosti hadi Oktoba, ni fupi, na mkulima aliyepokea barua Mei ana nafasi ya kuifikiria. Mpelekee pia mfano wa kumbukumbu ya tokeni iliyoandikishwa, yenye picha na ramani. Wakulima wengi hawajawahi kuona jina la mtu aliyefanya biashara katika mji wao miaka 350 iliyopita, na wakiliona huanza wao wenyewe kukuonyesha ni kona gani ya shamba plau hutoa vigae.